Zawadi za Watoto Wadogo katika Ugogo

Mwezi wa Desemba ukaribiapo, wazazi wengi huulizana, "Mwaka huu tumpe mtoto nini?" Swali hili laonekana dogo, walakini lina historia ndefu. Hapa tutaieleza kama ilivyokuwa katika Ugogo, nchi kavu iliyouzunguka mji wa Dodoma, tupate kujua ni zawadi gani imfaayo mtoto mdogo, na ni ipi iwezayo kuidhuru nyumba.

Hapo kale watu wa Ugogo hawakuihesabu siku ya kuzaliwa kwa tarehe. Wazee walikumbuka kwamba mtoto fulani alizaliwa wakati wa kupanda, na fulani wakati wa kuvuna, au mwaka wa njaa kubwa. Zawadi nayo haikungoja siku maalum. Mali iliyopewa heshima ilikuwa mifugo, na mtoto aliyeonyeshwa ndama au mwana-mbuzi akaambiwa, "Huyu ni wako," alipata kitu kilichokua pamoja naye. Ama vitu vya kuchezea havikununuliwa. Watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, wakawajengea zizi la vijiti, wakawachunga kama walivyowaona kaka zao wakichunga.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita Ugogo. Burton na Speke, Waingereza wawili, walipita huko mwaka 1857. Watawala wa Ugogo walitoza hongo, wasafiri wakalipa kwa nguo, nyaya na ushanga. Nguo ya merikani ilipewa jina hilo kwa sababu ilifumwa Marekani, na ushanga mwingi ulitengenezwa Venice, katika nchi ya Italia. Basi ushanga uliofungwa shingoni mwa mtoto ndani ya tembe huenda ulivuka bahari kabla ya kumfikia. Kwa hiyo tusidhani kwamba vitu vya ugenini vilianza kuingia Ugogo juzi.

Mwaka 1878 wamisionari wa CMS walikuwa wameweka kituo chao Mpwapwa, na mwaka 1910 reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Dodoma. Makanisa yalileta sikukuu ya Krismasi, na daftari la ubatizo likaandikwa siku ya kuzaliwa. Reli ilileta bidhaa za madukani. Hivyo desturi mbili za Ulaya zilipata njia: zawadi ya Krismasi na zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Zawadi za Krismasi zina chimbuko lake. Biblia yasimulia habari za mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Tena Wakristo walimkumbuka Nikolao, askofu wa Myra, katika nchi iitwayo sasa Uturuki. Aliishi katika karne ya 4, na husimuliwa kwamba aliwasaidia maskini kwa siri. Hata baadaye, mafundi wa Nuremberg, katika Ujerumani, walipata sifa kwa kutengeneza vitu vya kuchezea, navyo vikauzwa katika nchi nyingi.

Hapa yatupasa kuangalia jambo moja kubwa. Ulaya, Krismasi huja wakati wa baridi, mavuno yakiwa yamekwisha kuwekwa ghalani. Katika Ugogo huja wakati mvua inapoanza. Mtama na uwele wa mwaka uliopita umepungua, mbegu zatakiwa shambani, na mavuno mapya hayapatikani mpaka Mei au Juni. Mvua ya Dodoma ni kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu. Ikikosekana, hakuna msimu wa pili wa kuirudishia nyumba chakula chake. Debe la mtama liuzwalo Desemba ili kununua kigari cha bati huenda likatafutwa Machi kwa machozi.

Wazee wa Ugogo waliyajua haya kwa uchungu. Vita ilipoanza mwaka 1914, Wadachi, na baada yao Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, walichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Njaa ya mwaka 1918 hata 1920 iliitwa Mtunya. Maofisa wa wakati ule walikisia kwamba watu 30,000 walikufa, katika Wagogo wapatao 150,000. Wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula, ili mtoto apate kula na wao wapate nafaka. Katika miaka ile mtoto hakupewa zawadi, bali yeye mwenyewe ndiye aliyetolewa. Kwa sababu hiyo, anayeilinda akiba ya nyumba yake mwezi wa Desemba asiitwe bahili. Huyo amekwisha kumpa mtoto wake zawadi ya kwanza.

Je, tuwanyime watoto furaha? Hasha! Mdachi mmoja, jina lake Friedrich Fröbel, alianzisha mwaka 1837 mahali pa kuwafundishia watoto wadogo kwa michezo, katika mji wa Blankenburg. Baadaye alipaita bustani ya watoto. Vitu alivyowapa kuchezea aliviita "zawadi". Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Iliyofuata ilikuwa ya vipande vya mti, tufe na mchemraba. Na ya tatu ilikuwa mchemraba uliogawanyika katika michemraba minane midogo, mtoto apate kuipanga na kuibomoa. Mtaalamu huyu aliona kwamba mtoto hujifunza kwa mikono yake. Mtoto wa Ugogo aliyefinyanga ng'ombe wa udongo alikuwa katika njia iyo hiyo.

Basi mzazi apimaye zawadi na ajiulize maneno matatu. Kwanza, je, itampa mtoto kazi ya kufanya? Vipande vya mti vilivyolainishwa vizuri, mpira wa matambara, au mwanasesere wa nguo, vyatosha kumshughulisha siku nyingi. Pili, je, ni salama? Mtoto asiyetimiza miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Asipewe ushanga, mbegu, wala kitu chenye vipande vidogo viwezavyo kumkaba. Tatu, je, itakua pamoja naye? Kuku jike mmoja huzaa faranga, na mayai yake hununua daftari na kalamu. Mche wa mwembe uliopandwa siku ya kuzaliwa, ukinyweshwa maji kwa bidii, utaonyesha kila mwaka jinsi mtoto na mti walivyokua. Kitabu chenye picha, kikisomwa na mama au baba usiku, chaweza kuwafaa ndugu wote.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, si utajiri. Mtoto mdogo hajui bei ya kitu. Ajua nani aliketi naye chini wakacheza pamoja. Krismasi ijapo, mbegu na ziwe shambani, akiba na iwe ndani, na mtoto na awe na kitu mkononi mwake cha kumfurahisha.