Mzigo wa Wote, Mlangoni kwa Nani? Taka za Kariakoo na Uongozi wa Jiji la Dar es Salaam, 1972–2021

Utangulizi

Kila chombo kikubwa, kiwe serikali, ushirika au kanisa, hukutana na jambo moja lisilokwepeka: lengo la wote halina budi kutekelezwa mahali fulani, na mahali hapo pana watu. Msimamizi wa chombo hulitazama jambo kwa ujumla wake. Mkazi hulitazama kutoka mlangoni kwake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mvutano huo ulivyojitokeza Dar es Salaam katika jambo linaloonekana dogo, yaani taka za Kariakoo na za kata nyingine za katikati ya mji. Tumelichagua kwa sababu hapo ndipo maneno "faida ya umma" yalipopimwa hata mbele ya mahakama.

Soko kubwa na mji usio na halmashauri

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jengo kubwa la soko, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Ndizi, nyanya, nazi na mboga kutoka pande zote za nchi ziliteremshwa pale. Maganda, majani na matenga yaliyovunjika yakabaki yakingoja wa kuyaondoa.

Wa kuyaondoa alikuwa nani? Mwaka 1972 Serikali ilianzisha sera ya Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kuwasogeza wataalamu na fedha karibu na wananchi. Hata hivyo halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa, zile za miji zikifuata zile za vijijini, na watumishi wakawajibika kwa mkoa na, juu yake, kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mipango ya maendeleo ya taifa ilikuwa na wasemaji wengi. Mifereji, vyoo na taka vilikosa mwenyewe. Mwaka 1977 nchi ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Tunaliheshimu ungamo hilo, kwa maana viongozi wachache husema hivyo wakiwa bado madarakani.

Tabata na Kunduchi

Halmashauri ilirudi, lakini fedha na magari havikutosha, na mji ulikuwa umekua. Taka zilizobahatika kuzolewa katikati ya mji zilimwagwa Tabata, ng'ambo ya bonde la Msimbazi, mahali palipokuwa pamekwisha kuwa makazi ya watu. Moshi, harufu na nzi viliingia majumbani. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, katika kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988, Joseph Kessy na wenzake wakiishtaki Halmashauri ya Jiji. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwaka huohuo wa 1988 zikaanza kutumika mahakamani.

Mahakama iliamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji likaomba kuongezewa muda, maana lilikuwa na mji mzima wa kusafisha. Jaji Lugakingira alilikataa ombi hilo. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Magari yalielekezwa Kunduchi Mtongani, upande wa kaskazini. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 nao wakafungua shauri, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, ambako zilimwagwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Tabata ilipata haki yake kwa halali. Lakini haki ya Tabata peke yake haikujibu swali la mahali pa kuziweka taka za Kariakoo. Ilimpelekea jirani swali lilelile.

Kugawana kazi

Mwaka 1994 Jiji lilikabidhi uzoaji wa taka katika kata kumi za katikati, Kariakoo ikiwemo, kwa kampuni moja binafsi, nao wakazi na wenye maduka wakatakiwa kulipa ada. Wengi hawakulipa. Mwaka 1996 Serikali iliivunja Halmashauri na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Katika kipindi hicho kazi iligawanywa kwa makampuni mengi na vikundi vya wakazi, kila kimoja na kata yake. Mzoaji sasa alijulikana kwa sura na mlipaji vilevile, na mlalamikaji alijua mlango wa kubisha. Dampo lilibaki jukumu la Jiji, kwa kuwa hakuna kata iwezayo kuwa na dampo lake.

Mwaka 2000 ziliundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na Halmashauri ya Jiji ya kuratibu mambo ya pamoja. Februari 2021 Halmashauri hiyo ilivunjwa, na Ilala, yenye Kariakoo ndani yake, ikapewa hadhi ya Jiji. Hivyo swali la nani aratibu mambo yavukayo mipaka ya manispaa moja lingali hai.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona mambo mawili. Kwanza, faida ya umma inayomwangukia daima jirani yuleyule, ambaye hakuulizwa, haijawa bado faida ya umma. Pili, haki ya mahali pamoja haijakamilika mpaka wenye haki wakubali kuuliza pamoja na wengine: basi mzigo huu uende wapi?

Yethro, mkwewe Musa, hakumshauri kuachia kila kitu wala kushika kila kitu. Alimwonyesha yapi yaamuliwe na wakuu wa makumi na yapi yaletwe kwake. Sisi tulio katika sharika na dayosisi twajua jinsi agizo la sadaka ya kazi za umoja linavyoweza kupokelewa kama Tabata ilivyoyapokea magari, na jinsi usharika wenye nguvu unavyoweza kuufunga mlango wake na kuuacha mzigo kwa usharika maskini. Kabla ya kuagiza, na kabla ya kukataa, yatupasa kujua ni nani aishiye pale tunapokusudia kuuweka mzigo, na kumpa kiti katika baraza linaloamua.