Vitamini B6 na dalili za kabla ya hedhi

Vitamini B6 (huitwa pia piridoksini) ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Baadhi ya wanawake humeza vidonge vyake ili kupunguza dalili zinazowapata kabla ya hedhi. Utafiti unaonyesha kwamba huenda vikasaidia kiasi, lakini ushahidi ni dhaifu, na vikizidi kipimo hudhuru neva.

Dalili

Dalili za kabla ya hedhi huanza wiki moja au mbili kabla ya damu kutoka, na huisha siku chache baada ya hedhi kuanza. Baadhi yake ni hasira za haraka, huzuni, uchovu, tumbo kujaa na matiti kuuma. Ni tofauti na chango, yaani maumivu ya tumbo wakati wa hedhi yenyewe. Ili kuzitambua, mwanamke huandika hali yake kila siku kwa muda wa mizunguko miwili.

Utafiti

Mwili hutumia vitamini B6 kutengeneza serotonini na dopamini, kemikali za ubongo zinazohusika na hisia. Ndiyo sababu ilidhaniwa kuwa inaweza kutuliza dalili hizo.

Mwaka 1999 jarida la British Medical Journal lilichapisha mapitio ya majaribio 9 yaliyohusisha wanawake 940. Waandishi walisema kwamba kipimo kisichozidi miligramu 100 kwa siku huenda kinasaidia, ila mengi ya majaribio hayo hayakufanywa kwa ubora wa kutosha.

Madini ya kalsiamu pia yamechunguzwa. Katika jaribio la Marekani la mwaka 1998, miligramu 1200 kwa siku zilipunguza dalili kwa asilimia 48 katika mzunguko wa tatu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu ya asilimia 30.

Vyanzo katika chakula

Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji takriban miligramu 1.3 za vitamini B6 kwa siku. Mkoani Shinyanga, ambako kuna kata ya Nyahanga mjini Kahama, vyakula vyenye vitamini hiyo hulimwa au hupatikana sokoni: dengu, viazi vitamu, ndizi na samaki. Dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao huongeza kalsiamu.

Madhara na tahadhari

Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliomeza gramu 2 hadi 6 kila siku kwa miezi kadhaa. Walipata ganzi mikononi na miguuni, wakashindwa kutembea vizuri. Baadaye madhara ya namna hiyo yaliripotiwa hata kwa vipimo vidogo zaidi vilivyotumiwa kwa muda mrefu. Anayehisi ganzi au kuchomwachomwa aache vidonge na kumwona daktari.

Katika maeneo ya migodi, ambako vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu, piridoksini inafahamika kwa kazi nyingine: hutolewa pamoja na dawa ya isoniazidi ili kuzuia ganzi. Vidonge hivyo ni vya mgonjwa, wala havifai kugawiwa mtu mwingine nyumbani.

Uchovu unaodumu mwezi mzima huenda ukatokana na upungufu wa damu, na hedhi iliyochelewa inaweza kuwa dalili ya ujauzito. Vipimo vya hospitali ndivyo vinavyothibitisha. Mwanamke ambaye kabla ya hedhi hupatwa na huzuni kali au mawazo ya kujidhuru anahitaji matibabu ya haraka. Vitamini peke yake haitoshi.