Kiapo cha Zebaki

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kazi ya kutibu meno huko Marekani ilikuwa nyumba isiyo na mlango wala mlinzi. Kinyozi aling'oa meno, sonara alichonga meno ya bandia, mchuuzi alipita mji hata mji na koleo mkobani; na tabibu aliyejifunza kwa miaka mingi alihesabiwa sawa nao. Aliyegundua jambo jipya alilificha kama mali ya urithi. Mgonjwa hakuwa na njia ya kumtenga fundi na laghai ila kwa kuumia.

Mwaka 1833 ndugu wa jamaa ya Crawcour waliwasili New York kutoka Ulaya na kitu walichokipa jina la kifalme. Kilikuwa unga wa fedha uliokorogwa kwa zebaki. Kiliziba tundu la jino upesi, kwa bei ndogo, pasipo mateso ya kugongewa dhahabu. Walakini ndugu hao walikishindilia hata juu ya uozo usiokwanguliwa. Vizibo vikatanuka, meno yakapasuka, nao wakatoroka.

Fedheha hiyo ilikuwa bado haijasahauliwa Horace Hayden na Chapin Harris walipoanza kujenga. Jarida la kwanza la elimu ya meno lilitoka mwaka 1839. Mwaka 1840 kilifunguliwa chuo cha kwanza katika mji wa Baltimore, na mwaka uo huo chama cha kwanza cha taifa kiliundwa New York, Hayden akiwa rais wake. Jarida, chuo na chama vilikuwa mafiga matatu ya taaluma changa, na pasipo hayo hakuna chungu ambacho kingekaa.

Figa moja lilivunjwa na wenyewe. Mwaka 1843 chama kilitangaza kuwa kuzibia jino mchanganyiko wa zebaki ni utabibu muovu. Miaka miwili baadaye kikaandika hati ambayo kila mwanachama alitakiwa kuitia sahihi. Hati hiyo ina jambo la kustaajabisha. Haikumtaka tabibu aahidi tu kwamba hatatumia zebaki. Ilimtaka pia athibitishe kuwa ni imani yake thabiti kwamba mchanganyiko wa namna hiyo, uwao wote, haufai. Mtu muungwana aweza kuahidi kuacha tendo hata asipokubaliana na sababu zake, kwa ajili ya heshima ya wenziwe. Lakini imani haipigiwi kura. Chama kilichoundwa ili kumlinda mgonjwa kiliwatia wanachama wake katika haja ya kuchagua baina ya uanachama na ukweli wa nafsi zao.

Hofu ya zebaki haikuwa ya bure, maana zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi yake katika meno. Ila siku zile hapakuwa na vipimo vya kuamua shauri, na dhahabu ilikuwa ghali: maskini aliyenyimwa zebaki alibakiziwa koleo. Baadhi ya waliokataa kutia sahihi walifukuzwa. Hati ilifutwa mwaka 1850, lakini mapenzi hayakurudi. Mwaka 1856 chama kikavunjika. Katika miaka ya 1890 Greene Vardiman Black alipima kwa subira uwiano wa madini hata kikapatikana kizibo kisichotanuka ovyo. Kazi hiyo ilihitaji mizani tu.

Agosti 1859 wajumbe 26 walikutana Niagara wakaunda chama kingine, ambacho nguvu zake zilitoka katika vyama vya mahali vilivyotuma wajumbe. Kanuni zake za adabu, zilizokubaliwa mwaka 1866, zilishughulika na mwenendo kuliko madini: wajibu kwa mgonjwa, staha baina ya wenzi, kuepuka matangazo ya majigambo. Huo ulikuwa msingi bora zaidi.

Msingi huo, hata hivyo, ulikuwa na ufa. Robert Tanner Freeman alihitimu utabibu wa meno Harvard mwaka 1869, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi. Tabibu kama yeye akikataliwa na chama cha jimboni, hasa huko kusini, hakuwa na njia ya kukifikia chama cha taifa, hata kama hakuvunja kanuni moja. Mwaka 1913 matabibu weusi wa Washington, Maryland na Virginia waliunda chama chao, ambacho mwaka 1932, kilipokwisha kupanuka, kilichukua jina la chama cha taifa. Chama cha Niagara kiliomba radhi kwa ubaguzi huo mwaka 2010, kikiongozwa na Raymond Gist, rais wake wa kwanza mweusi.