Mwiko, Haramu na Marufuku: Makatazo ya Dini katika Embu na Meru

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana sana kwa maana: mwiko, haramu na marufuku. Historia ya wakazi wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya yaonyesha kwamba maneno hayo hayawezi kubadilishana nafasi bila ya hasara.

Huko Kibugu, katika Embu, mwiko ulishikamana na ibada. Mwene Njeru aliombwa kwa kuuelekea mlima, na mnyama wa rangi moja, asiye na kilema, alichinjwa chini ya mti mtakatifu. Miti ya mahali hapo haikukatwa. Aliyevunja mwiko hakuhesabiwa kuwa mkosaji tu, bali mwenye unajisi, na wazee walijua namna ya kumtakasa. Katazo, basi, lilikuja pamoja na dawa yake.

Haramu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jambo jingine. Mwislamu ajiepushaye na nyama ya nguruwe hamtii mzee wa ukoo, bali ufunuo. Ndiyo maana katazo hilo ni moja Lamu na Istanbul. Kwa Wabuddha, ambao wana hekalu Upanga, Dar es Salaam, muumini mwenyewe hujifunga kwa ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Hizo si haramu wala mwiko, zakaribia nadhiri.

Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kwa kuhimizwa na watawala wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji, ambao ulikuwa mlango wa msichana kuingia utu uzima. Ibada iliondolewa, wala haikuwekwa nyingine mahali pake. Wasichana wakatahiriana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika.

Hapana shaka kwamba ukeketaji una madhara makubwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaukataza kwa sababu njema. Lakini mwaka 1956 wazee walinena kama watu watangazao mwiko, na wasichana wakasikia marufuku ya serikali. Mfasiri aandikaye "mwiko" mahali pa "marufuku", kwa hiyo, hakosei msamiati tu. Ampa mtawala sauti ya wahenga.