Migusano ya Asidi Amino na Afya ya Kagera: Kwa Nini Orodha ya Mabadiliko Haitoshi

Utafiti wa kijenetiki wa mwaka 2021 uliohusisha mikoa 13 ya Tanzania Bara ulibaini kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko liitwalo R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya dawa ya artemisinini, vimekwisha kujikita Kagera. Kimkoa vilikuwa asilimia 7.7 ya sampuli; katika Wilaya ya Karagwe, inayopakana na Rwanda, vilizidi sampuli moja katika kila tano. Rwanda ilikuwa imeripoti badiliko hilohilo mwaka 2020, kutokana na sampuli za damu zilizokusanywa kati ya 2013 na 2015. Karagwe si mbali na Bukoba wala Muleba.

R561H maana yake ni kwamba katika nafasi ya 561 ya protini ya kimelea iitwayo Kelch13, asidi amino ya arginini imeondoka na histidini imekaa mahali pake. Ripoti nyingi za ufuatiliaji huishia hapo: jina la badiliko, wilaya, asilimia. Nadai katika makala haya kwamba taarifa ya namna hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza asidi amino iliyoondoka ilikuwa inagusana na zipi, na iliyoingia inagusana na zipi.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Unapojikunja, asidi zilizo mbali sana katika mnyororo hujikuta jirani, na ujirani huo ndio unaoshikilia umbo. Kwa kawaida watafiti huhesabu kwamba asidi mbili zinagusana ikiwa kaboni beta zake, yaani kaboni za kwanza za mikono yake ya pembeni, ziko ndani ya nanomita 0.8; wengine hutazama atomi zote isipokuwa hidrojeni, na hapo kikomo hushuka hadi karibu nanomita 0.45. Vipimo hivi ni makubaliano ya kikazi. Haviwezi kuchukua nafasi ya fikra, na mfano wa kuthibitisha hilo tunao katika damu ya watu wa Kanda ya Ziwa.

Utafiti uliopima watoto wachanga zaidi ya 17,000 kaskazini magharibi mwa Tanzania ulikuta mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Chanzo chake kilifahamika mwaka 1957, Vernon Ingram alipoonyesha kwamba katika mnyororo beta wa himoglobini, glutamati ya nafasi ya sita imekuwa valini. Sasa mpe mchambuzi umbo la molekuli moja ya himoglobini, umwambie ahesabu migusano ya nafasi hiyo. Ataikuta juujuu, kwenye uso wa protini, ikiwa na majirani wachache. Akifuata kanuni ya kawaida kwamba badiliko la hatari ni lile linalovuruga kiini chenye migusano mingi, ataandika kwamba hili halina madhara makubwa. Atakuwa amekosea kabisa, ilhali hesabu yake haina kasoro hata moja.

Kosa liko katika kutazama molekuli moja. Mwaka 1997 Harrington, Adachi na Royer walichapisha umbo la himoglobini ya selimundu kwa ubainifu wa nanomita 0.205, na faili lake limehifadhiwa katika hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini kwa alama 2HBS. Humo molekuli zinaonekana zikiwa bega kwa bega. Valini ya sita ya molekuli moja imejichomeka katika kishimo cha molekuli ya pili, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88 za mnyororo beta. Zote tatu zinakwepa maji, kwa hiyo zinatulia pamoja. Glutamati yenye chaji isingekubali kukaa hapo. Kishimo hicho hukaa tayari kuipokea valini himoglobini inapokuwa imeachia oksijeni; hapo molekuli hushikana zikajenga nyuzi, na chembe nyekundu ya damu ikapinda. Kila molekuli ina valini mbili za namna hiyo, lakini katika mgusano huu hutumika moja tu. Maumivu ya viungo na upungufu wa damu ambao wazazi wa Muleba wanaujua vizuri, mzizi wake ni huo.

Ukitazama majirani wa kishimo hicho utapata jambo jingine lenye faida. Nafasi ya 87, iliyo katikati ya 85 na 88, ina threonini katika himoglobini ya mtu mzima. Katika himoglobini ya mtoto aliye tumboni, mnyororo gama una glutamini mahali hapo, na glutamini hiyo huzuia mgusano usikamilike. Ni sababu mojawapo ya mtoto mwenye selimundu kuonekana mzima katika miezi ya mwanzo, kabla himoglobini hiyo haijapungua. Dawa ya haidroksiurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuiongeza tena himoglobini hiyo. Na tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa jina la Lyfgenia humpa mgonjwa mnyororo beta ambao nafasi yake ya 87 imewekewa glutamini kwa makusudi. Mgusano mmoja ukieleweka vizuri huzaa tiba.

Tuirudie Kelch13 tukiwa na funzo hilo. Protini hii ina asidi amino 726, na sehemu ya mwisho wake imejikunja kama feni yenye mapanga sita. Umbo la sehemu hiyo liliwekwa wazi mwaka 2015 kwa alama 4YY8. Arginini ina mkono mrefu wenye chaji chanya, uwezao kushikana na asidi zenye chaji hasi. Mkono wa histidini ni mfupi zaidi, na katika hali ya kawaida ya seli sehemu kubwa yake haina chaji. Badiliko la R561H, basi, huelekea kulegeza mshikamano wa ndani, tofauti na selimundu inayoongeza mshikamano wa nje. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya Kelch13 hupunguza kiasi cha protini hiyo ndani ya kimelea. Ikipungua, kimelea kichanga humeza himoglobini kidogo. Kikimeza kidogo, chuma cha himu kinachoiamsha artemisinini nacho huwa kidogo, na kimelea huweza kuvumilia hadi dawa ipungue mwilini. Katika utafiti wa tiba uliofanyika Karagwe mwaka 2022, zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa walikuwa bado na vimelea siku ya tatu, ingawa dawa ya mseto iliendelea kuponya wengi mno.

Himoglobini ndiyo inayoziunganisha habari hizi mbili. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa kazi yake ya Afrika Mashariki, kwamba kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtu na malaria. Kagera kinga hiyo ya kale na usugu huu mpya vinakutana katika chembe moja ya damu. Sijui mahali panapofaa zaidi kufundishia somo hili.

Kuna wanaoona kwamba programu ya AlphaFold, inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wake na iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024, imeufunga mjadala. Programu hiyo ilijengwa juu ya wazo la migusano: asidi mbili zinazobadilika pamoja katika spishi nyingi huenda zinagusana. Lakini haikuundwa kupima athari ya badiliko moja. Ukiiwekea mfuatano wenye R561H, usishangae ikikurudishia umbo lilelile, wala usihitimishe kwamba hakuna kilichotokea. Hata namba zinataka uangalifu: wanaohesabu methionini ya kuanzia huiita nafasi ya selimundu ya saba, na mwanafunzi asiyejua hilo atapima jirani asiye wake.

Atakayesema kwamba Kagera inahitaji vyandarua na dawa kabla ya maumbo ya protini ana haki ya kujibiwa. Faili za 2HBS na 4YY8 hupatikana bure, programu za kuzifungulia nazo ni bure, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inazimudu. Kazi hii haipunguzi hata chandarua kimoja. Kinachokosekana ni mazoea. Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa ripoti za ufuatiliaji wa usugu waongeze katika kila jedwali safu moja inayotaja migusano iliyopotea na iliyoongezeka, ndani ya molekuli na baina ya molekuli, na nawaomba wahadhiri wa baiokemia waanze na himoglobini ya selimundu mwaka wa kwanza, mwanafunzi akiipima mwenyewe valini ya sita hadi fenilalanini ya 85.