Siri ya Mgongo wa Kipande

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba, 1759, jemadari wa Kiingereza James Wolfe aliwapakia askari wake mashuani, wakafuata mkondo wa mto Saint Lawrence kimyakimya hata wakafika chini ya jabali lililo karibu na mji wa Quebec, wakalikwea gizani; na kulipopambazuka, Montcalm, jemadari wa Wafaransa, ambaye alikuwa akimtazamia adui upande wa pili wa mji, akaletewa habari ya kuwa Waingereza wamekwisha kujipanga uwandani. Mapigano yenyewe hayakutimia saa moja, na majemadari wote wawili walipata majeraha yaliyowaua. Pande mbili zilikaribiana kwa wingi wa askari. Kilichoamua jambo ni lile alilolijua mmoja na asilolijua mwenziwe.

Kisa hicho ndicho walichokichagua watu wachache wa Vancouver, nchini Kanada, miongoni mwao Tom Dalgliesh na Lance Gutteridge, walipotoa mwaka 1972 mchezo wao uitwao Quebec 1759, ambao ndani yake askari si vikaratasi wala sanamu za risasi, bali ni vibao vidogo vya mbao, vya mraba, vyenye unene wa kutosha kusimama vyenyewe kwa ukingo. Upande mmoja wa kibao umebandikwa alama ya kikosi, na upande huo humwelekea mwenyewe. Adui aliyeketi ng'ambo ya ramani haoni ila mgongo na rangi. Kwenye kingo nne za alama hiyo pana nukta za kuonyesha nguvu za kikosi, na nukta zilizo juu ndizo zihesabiwazo, hivi kwamba kikosi kikipata hasara, kibao huzungushwa robo duara na nguvu zake hupungua, hata zikiisha kibao huondolewa. Sijui kama pana chombo kingine cha mchezo kilichobeba maarifa mengi namna hiyo kwa gharama ndogo kama hiyo: jina, nguvu, hasara na siri, vyote katika kipande kimoja cha mti.

Ili kuutambua uzuri wa hila hiyo yafaa turudi nyuma. Katika sataranji, mchezo uliotoka Bara Hindi ukapita Uajemi na nchi za Waarabu, na kadhalika katika bao letu la pwani, hakuna kilichofichwa. Ashindwaye hushindwa na akili, hawezi kusema hakuona. Lakini amiri wa jeshi hajapata kupewa uwanja ulio wazi hivyo. Waliolishughulikia jambo hili kwa dhati ni Waprusi, na hasa jamaa ya von Reisswitz: baba aliyemtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu mchezo wa vita mwaka 1812, na mwanawe, afisa wa mizinga, aliyeutoa ulimwenguni mwaka 1824 ukiwa umesahihishwa, pamoja na ramani halisi, vipande vya risasi, dadu, na, lililo kubwa kuliko yote, hakimu. Wachezaji huandika amri zao na kumkabidhi hakimu, naye peke yake huyajua yote, akaweka juu ya ramani vile tu ambavyo macho ya askari yangeweza kuviona. Jemadari von Müffling, aliyekuwa mkuu wa maafisa wa jeshi, alivutiwa sana, akauhimiza jeshini. Ila mchezo huo ulihitaji mtu wa tatu, mjuzi na mwenye insafu, na mtu wa namna hiyo hapatikani kila jioni.

Ndiyo maana Charles Roberts wa Marekani alipoanza kuuza mchezo wake wa Tactics mwaka 1954, hakimu aliachwa, na siri ikaenda naye. Vikosi vikawa vikaratasi vilivyolazwa ramanini, kila mtu akivisoma. Kazi ya vibao vya Vancouver ilikuwa ni kuirudisha siri pasipo kumrudisha hakimu. Mti ukashika nafasi ya mtu.

Basi kompyuta ilipoingia, nilidhani haina la kuongeza. Nilikuwa nimesahau masafa. Kwa barua vibao havichezeki vyema, kwani mtu akiandika kwamba amehamisha kipande, nani atashuhudia ni kipande kipi? Programu iitwayo VASSAL, ambayo Rodney Kinney aliianza kwa ajili ya mchezo mmoja tu, Advanced Squad Leader, kisha akaipanua ichukue michezo ya kila aina, humwonyesha kila mchezaji alama zake na kumfichia za mwenziwe, na dadu huirusha yenyewe. Baadaye zikaja programu zinazozijua na sheria pia, zikikataa mwendo usio halali. Hakimu wa Waprusi amerejea: hachoki, hapendelei, wala haombi chakula cha jioni. Lakini mezani, kibao kilipokuwa kikisimama mbele yangu bila ulinzi wowote, kingeweza kuchunguliwa kwa kuinamisha kichwa tu, na mwenzangu hakuinamisha. Hiyo ilikuwa amana tuliyowekeana kila dakika, nami naikosa.

Mchezo niupendao kuliko yote ni Crusader Rex, wa mwaka 2005, uliotungwa na Jerry Taylor pamoja na Dalgliesh, unaohusu vita vya Msalaba na kuanzia mwaka 1187, mwaka wa vita vya Hittin na wa Baitul Maqdis kurejea mikononi mwa Waislamu. Aghlabu mimi humshika Salahuddin, sultani wa Waislamu. Mfalme Richard wa Uingereza hayuko uwandani mwanzoni. Hungojewa, na kungojewa huko ndiko kuniumizako, kwa sababu tangu kibao kigeni kinapotokea pwani ya Sham siwezi kulala vizuri nisijue ni nani.

Juzi niliuzingira mji wa Sur, uleule ambao Salahuddin mwenyewe aliuzingira mwishoni mwa 1187 akaondoka bila kuutwaa. Palikuwa na vibao vitatu, migongo mitatu juu ya kioo cha kompyuta. Kimoja hakikuwa kimesogea kamwe, na kutosogea kwake nilikufasiri kuwa ni utulivu wa mwenye nguvu. Nikangoja, nikaleta wapanda farasi kutoka Dameski, nikangoja tena, hata majira ya baridi yakaingia na jeshi likalazimika kutawanyika. Mchezo ulipokwisha, mwenzangu, aliye mbali nami kwa bahari nzima, akanifunulia. Walikuwa askari wa miguu, wenye nukta moja.