Shingo Iliyomtia Mary Mashakani

Nikiwa mwandishi mchanga, niliwahi kufungua gazeti asubuhi nikakuta habari niliyoihangaikia wiki nzima imetoka bila jina langu. Nilinuna siku mbili, basi, maisha yakaendelea. Pengine ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za plesiosauri, yule mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu aliyetoweka zamani, akili yangu iliganda kwa aliyemfukua.

Huyo ni Mary Anning, binti wa seremala wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza. Baba yake alifariki 1810, akaacha madeni. Familia ikaishi kwa kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, kwenye miamba ya pwani na kuwauzia wageni. Desemba 1823, Mary akiwa na miaka 24, alifukua mifupa iliyokaribia kukamilika: kichwa kidogo, mwili mpana, mapezi manne, na shingo ndefu kupita kiasi.

Shingo hiyo ndiyo iliyozua balaa. Kule Paris, Georges Cuvier, bingwa wa mifupa ambaye wenzake walimsikiliza kuliko yeyote, alishuku kwamba vipande vya wanyama tofauti vimeunganishwa. Tusimcheke haraka. Twiga, pamoja na shingo yake yote ile, ana pingili saba tu za shingo, sawa na mimi na wewe. Huyu alikuwa na zaidi ya 30! Lakini kwa Mary hiyo ilikuwa riziki: nani angenunua tena kwa mtu anayedhaniwa tapeli?

Februari 1824, Chama cha Jiolojia cha London kilikutana, na William Conybeare akamwelezea mnyama yule. Cuvier naye akaja kukiri kwamba alikosea. Mary hakuwepo, kwani chama hicho hakikuwa na mwanachama mwanamke hadi 1919. Na Conybeare, katika maelezo yake yote, hakumtaja.

Na mnyama mwenyewe je? Ukoo wake ulidumu baharini zaidi ya miaka milioni 130. Walivuta hewa kwa mapafu, hivyo kila mbizi ilikuwa na mwisho. Waliogelea kwa mapezi yote manne. Baadhi yao wamekutwa na mawe tumboni, na mifupa ya wengine ina sehemu zilizokufa, kama ya wapiga mbizi wanaopanda haraka mno kutoka kina kirefu. Yaani baadhi ya jamaa zake walishuka chini kweli, wakalipia.

Shingo nayo ilizidi kurefuka. Elasmosauri wa Kansas, Marekani, alikuwa na pingili zipatazo 72. Edward Cope, aliyemtangaza 1868, alichanganyikiwa akamwekea kichwa mkiani! Hebu fikiria: Cope alikosea, na kosa likatoka na jina lake. Mary alipatia, jina lake likaachwa nje.

Leo mifupa ile ya Lyme Regis iko makumbusho ya London, na Mary anatajwa. Tatizo ni kwamba alifariki 1847.

Siku hizi kabla sijatuma habari, narudi juu kuangalia: aliyenionyesha njia nimemtaja?